Nilipowafukuza Wanga

Kuna wanga wa kuliwa na kuna wanga wa usiku,
kichwa kikiuma twasema chaniwanga,
na ahesabuye vitu kimoja kimoja, naye anawanga.
Lugha yangu ilinionya mapema. Sikuisikia.

Mwezi wa tisa, Aberdeen, mji wa mawe ya kijivu
yanayong'aa ikinyesha, yaani yanayong'aa daima,
nilivitoa kabatini vyote: sembe, mchele,
maandazi niliyoyagandisha kwa wageni wasiokuja.
Nikampa jirani yangu Effie, naye akauliza,
"Unahama, Hami?"
(Mwanahamisi walilikata kazini, halikuingia kwenye beji.)
Nikasema, "Nahama mwili."

Mayai. Parachichi. Siagi kijiko kizima.
Gramu ishirini kwa siku, nikiziwanga kwa kalamu
nyuma ya risiti.
Kilo tatu. Kilo saba. Mkanda ukaomba tundu jipya,
nikautoboa kwa msumari, nikajiona fundi.

Na kazi yangu ni hii, sitanii:
nasimama kutwa katika dobi ya hoteli
nikizitia wanga kola za mashati ya watu.
Shati lanyooka, lasimama lenyewe kama askari wa gwaride.
Mimi niliyelisimamisha naegemea ukuta.

Novemba ikaingia baridi, siyo ile ya nje.
Ya nje naijua, ina koti lake na bei yake.
Hii ilipanga chumba ndani ya mfupa.
Mvuke wa pasi wanifuka usoni, wenzangu wamefungua vifungo,
mimi nina soksi juu ya soksi.
Nywele zikabaki kwenye kitana.
Choo kikawa habari ya kila wiki.
Basini nililala hadi kituo cha mwisho,
dereva akanigusa bega kama anayegusa mzigo usio na mwenyewe.
Na kichwa, ndiyo, kikaniwanga.

Nikajipapasa shingo nikimtafuta bibi.
Bibi mzaa mama alikuwa na rovu,
limetulia kooni kama chungwa alilokataa kumeza,
enzi hizo chumvi haijatiwa madini joto.
Sikulikuta. Palikuwa laini, kimya.

Daktari Macrae alinichorea tezi kwa wino wa buluu.
"Kipepeo," alisema. Mimi niliona tai,
ile ya wahudumu wa karamu, niipigayo pasi kila Ijumaa.
Akaisoma damu yangu: homoni ya kuamrisha, sawa;
homoni ya kuwasha moto, imeshuka.
"Tezi yako haiumwi, huenda. Inabana matumizi.
Mwili ukinyimwa wanga, huenda ukadhani njaa imeingia mjini,
ukapunguza utambi ili mafuta yafike asubuhi.
Au huenda ni jambo jingine. Aliyetoka sasa hivi
anaufuata mlo huo huo, sukari yake imetulia, anapiga miluzi."
Nikampenda kwa hizo huenda tatu.
Aliyeniuzia mlo huu hakuwa nayo hata moja.

Njiani niliikasirikia tezi:
nani aliyekutuma unibanie?
Kisha nikaona haya. Ilikuwa ikipita chumba hadi chumba
ikizima taa, ikiogopa bili,
na mimi ndiye niliyeificha mshahara.

Jumamosi nikachemsha kiazi ulaya, hapa hapa Ulaya kwao,
kimoja, na ganda lake.
Ukungu wa bahari umeziba dirisha,
shakwe analia kama bawaba kavu.
Nikakitia chumvi. Nikakitazama
kama mtu anayemfungulia mchawi
aliyebisha hodi kwa adabu.
Nikala nusu. Nusu ya pili nikaiwanga, gramu kumi na tatu,
mkono haujasahau,
kisha nikaila nayo.

Damu wataipima tena Machi.
Effie amenirudishia sembe: alijaribu kukaangia samaki,
anasema haielewani naye.
Vidole bado baridi.
Kesho kuna harusi hotelini, mashati mia mbili
yananingoja niyasimamishe.